Apimaye Damu Anadaiwa Nini?



Katika miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Donald McLarty, walikwenda vijijini katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na huku kwetu Mara kutafuta ugonjwa wa kisukari. Walipima watu wapatao elfu sita. Watu walinyweshwa maji yenye sukari, na baada ya saa mbili damu yao ikapimwa. Mwaka 1989 matokeo yalitangazwa: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Habari hiyo ilikuwa njema, lakini ndani yake mna swali gumu. Mtu aendaye hospitali amekwisha kujihisi mgonjwa. Yeye ndiye amtafutaye daktari. Hapa daktari ndiye aliyemtafuta mtu. Upimaji wa namna hii humkuta mkulima aliyetoka shambani na mvuvi aliyetoka ziwani, naye huambiwa jambo ambalo hakuliuliza. Je, aliyemjulisha mwenziwe ugonjwa wake anadaiwa nini?

Yafaa tukumbuke ugonjwa wenyewe ulivyo. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Homoni ni kama tarishi: hupita katika damu na kupeleka agizo. Agizo la insulini ni kwamba sukari iliyotoka katika ugali wetu ipokelewe mwilini na kutumika. Tarishi akikosekana, au agizo lake lisiposikiwa, sukari hurundikana katika damu huku mwili ukiona njaa. Wako wanaosaidiwa kwa chakula cha kiasi na vidonge. Lakini yule ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, asipodungwa hufa.

Wengine husema kwamba mtafiti si mganga. Kazi yake ni kujua, na kama angelazimika kumtibu kila ampimaye, utafiti usingefanyika. Neno hili lina ukweli, wala tusilidharau. Bila hesabu ya wagonjwa, Serikali itajuaje dawa ngapi zihitajiwe?

Hata hivyo tumtazame Msamaria katika Luka sura ya 10. Hakuacha safari yake akahamia katika nyumba ya wageni. Kesho yake aliondoka. Lakini kabla ya kuondoka alitoa dinari mbili, akamkabidhi majeruhi kwa mtu, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Kuhani na Mlawi nao walimwona yule mtu, nao walijua hali yake. Hukumu yao imo katika kule kuona. Basi mtafiti hadaiwi kukaa kijijini siku zote. Anadaiwa asiondoke kabla hajamkabidhi mgonjwa mahali pa kutibiwa.

Na dinari je? Wavumbuzi wa insulini kule Toronto waliiuzia chuo kikuu chao haki ya uvumbuzi mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya mtu mmoja. Lakini McLarty na wenzake walipohesabu gharama za matibabu Dar es Salaam mwaka 1989 hadi 1990, waliona kwamba mgonjwa wa insulini aligharimu wastani wa dola 287 za Marekani kwa mwaka, na kati yake dola 156 zilikuwa za kununua insulini peke yake. Waliyatangaza hayo mwaka 1992. Naona huko kulikuwa kulipa sehemu ya deni: hawakuishia kuhesabu wagonjwa, walihesabu pia bei ya uhai wao, wakaiweka mbele ya wenye uwezo.

Lakini tusiwaachie madaktari deni lote. Sisi nasi hupima wenzetu kila siku, kwa maamkizi. Tunauliza, “Hali yako?” Mara nyingi twatumaini kujibiwa “njema” ili tupite. Siku jirani ajibupo kwamba dawa ya mtoto imekwisha, tumekwisha kujua, na aliyejua hawezi tena kupita upande wa pili. Kama hatuna fedha za chupa nzima, tunazo za nauli, au miguu ya kumsindikiza kliniki, au sauti ya kusema barazani. Hakuna aliyemlazimisha Msamaria atoe kumi. Alitoa mbili, naye akaahidi kurudi.