Gharama ya Chumba cha Juu

Mpendwa mmoja hapa Woodley alitaka kujenga chumba juu ya gereji yake, akipangishe. Bajeti ilikuwa na saruji, vyuma, mabati, hata rangi. Pesa ya injinia wa kupima msingi haikuwemo. Nikamuuliza. Akasema, "Pasta, hiyo tunamwachia Mungu."

Ndugu zangu, msingi uliochimbwa kwa ajili ya gari na paa haujui kama umeombewa. Unajua uzito tu. Aprili 2016, kule Huruma, jengo la ghorofa sita liliporomoka usiku wa mvua. Wengi waliokufa hawakuwa wamejenga chochote. Walikuwa wapangaji tu.

Kwenye Luka 14:28 Yesu anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani. Pesa yangu naweza kuihatarisha kwa imani. Lakini uhai wa mpangaji si wangu niuweke rehani.

Ndugu yetu alipiga hesabu upya, injinia akawa wa kwanza kwenye orodha. Chumba kitasubiri mwaka mmoja. Na wewe je, ni gharama gani umemwachia Mungu kwa sababu tu ni ghali?

Amina.