Wewe ni wa Ukoo Gani?

Hapa Tarime swali hili ni kama salamu. Mnchari humwuliza Mnyabasi, wakajuana. Lakini likiulizwa na anayeajiri, hugeuka mlango: huyu hufunguliwa, yule hufungiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu. Inamlinda hata anayeomba kazi. Mlalamikaji akionyesha dalili za kubaguliwa, mwajiri ndiye anayepaswa kujitetea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wengine husema: je, Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba tuwatunze watu wa nyumbani mwetu? Ndiyo, aliandika. Lakini kumtunza ndugu ni kumpa kilicho chako. Duka ni lako. Haki ya mwombaji kupimwa kwa uwezo wake si yako. Ukimgawia ndugu haki hiyo, umetoa sadaka kwa mali ya jirani.

Boazi naye aliuliza habari za yule binti aliyekuwa akiokota masazo. Akaambiwa ni Mmoabi, mtu wa kuja. Hakumfukuza, alimsihi asiende shamba jingine, akawaonya vijana wasimguse. Katika uzao wa Ruthu alizaliwa Daudi.

Basi kuuliza ukoo si dhambi. Tujichunguze: tukishajibiwa, tunafanya nini?