Jenga Ukingo Kabla Mtoto Hajaja

Akina baba wa Bunia ambao bibi zenu ni wajawazito, nawaandikia ninyi kwanza, kwa sababu pesa ya gari iko mikononi mwenu na dalali ameshaketi nanyi kabla yangu. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukingo, ili mtu akianguka damu yake isihesabiwe juu ya nyumba hiyo. Angalieni vizuri: bado hakuna aliyeanguka. Mwenye nyumba anadaiwa ukingo kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika. Kwako wewe mgeni huyo yuko tumboni, na siku zake zinahesabiwa.

Je, gari unalotaka kununua lina ukingo?

Najua kwa nini unalitafuta. Mama mwenye uchungu akibebwa kwenye pikipiki, katikati ya motari na mumewe, kwenye mashimo na mvua ya usiku: nani katika mji huu hajaliona? Halafu siku ya kutoka hospitali, kichanga kinafunikwa kitenge ili vumbi jekundu la kiangazi lisimwingie puani. Kutaka gari ni kupenda jamaa yako, na sitakubali mtu aite jambo hilo anasa. Kinachoniuma ni kwamba baba huyo huyo, akiisha kufika mbele ya gari, anaangalia rangi, anaangalia redio, anauliza kama majirani watalijua jina lake. Mtoto hajui jina la gari. Mtoto anahitaji breki.

Magari yetu mengi yametoka Japani, yakashuka Mombasa, yakapita Kampala, yakaingia kwa njia ya Mahagi. Ni safari ndefu, na yanafika yakiwa yamechoka. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo yaliuzwa nje ya Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Uganda mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka 15. Gari ambalo jirani hawezi kulisajili halijapona njiani kwa kuwa limevuka mpaka kuja kwetu! Na zaidi ya hayo, Wajapani na Waganda wanapita kushoto, sisi tunapita kulia. Ukiwa na usukani wa upande wa kulia, ukitaka kulipita lori kwenye barabara ya Komanda, wewe dereva huoni kitu mpaka pua ya gari iwe imetoka yote. Anayeona kwanza kinachokuja ni aliyeketi kushoto kwako, na mara nyingi huyo ni bibi yako mwenye mimba. Ukipata la usukani wa kushoto, hata kama halina mng'aro, lichukue hilo. Ukikosa, basi uape kwamba hutalipita lori mahali usipoona.

Nenda kulitazama asubuhi, likiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, wamekwisha kuliwasha kabla yako, na mtu haamshi moteri mapema bila sababu. Mwambie muuzaji utarudi kesho. Likiwaka, simama nyuma uangalie moshi: wa buluu linakunywa mafuta ya moteri, mweupe usiokwisha linakunywa maji. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, ondoka hapo, usibishane bei. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa kila pneu: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Pneu inaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakauka.

Kisha fungua mlango wa nyuma, na hapa nawasihi msifanye haraka. Ingiza mkono kati ya mgongo wa kiti na mahali pa kukalia. Mara nyingi utakuta kitambaa kizuri kimeshonwa juu ya kiti chote, na chini yake vifungo vya mikanda vimezikwa na makombo ya biskuti ya watoto wa mtu mwingine. Vitoe. Vuta mkanda kwa nguvu ghafla, lazima ushike. Ufunge, uufungue, uufunge tena. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kichanga cha kilo 4 kinarushwa mbele kwa nguvu ya uzito unaopita kilo 100. Hakuna mama aliyezaliwa ambaye mikono yake itamshika, hata akimpenda namna gani. Kwa hiyo kiti cha mtoto mchanga, kile kinachoangalia nyuma, kihesabu ndani ya bei ya gari. Kama Bunia hukipati, tuma Kampala. Kifungwe kwenye kiti cha nyuma. Usikiweke kamwe mbele palipo na mfuko wa hewa, kwa maana mfuko huo ukifumuka utampiga mtoto kichwani.

Na mifuko yenyewe ina habari yake. Ile ya kampuni ya Takata huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na ikipasuka hurusha vipande vya chuma kwa watu waliomo. Toyota, Honda, Nissan na wengine waliitisha mamilioni ya magari yarudi, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Nakili namba ya shasi, mpe kijana mwenye intaneti aitafute kwa kampuni iliyoliunda gari. Ni kazi ya dakika chache.

Juu ya aina, nitasema wazi. Chukua Corolla, Probox au Ist, ambazo kila fundi hapa anazijua na vipuri vyake viko sokoni, uache Prado inayong'aa ambayo hujui imelala wapi. Moteri ya Toyota iliyoandikwa D-4 inataka petroli safi sana, na sisi tunanunua kwa kadafi, kwenye chupa, kando ya barabara. Tena usimalize dola zako zote kwa muuzaji. Weka akiba ya amotisa, breki na pneu, na ya karatasi: namba ya shasi kwenye chuma ifanane na ya karte roze na ya hati za forodha za DGDA, herufi kwa herufi.

Wachungaji wenzangu, nanyi nina neno kwenu. Mkristo akileta gari kwenye uwanja wa kanisa tuliombee, tunaweka mikono juu ya boneti na tunashukuru kwa sauti. Tuombe, naam! Lakini kabla ya kufumba macho tufungue mlango wa nyuma, tumuulize mikanda iko wapi, na kama haionekani, tumwambie airudishe baraka yake garaji mpaka mikanda ipatikane. Mzee wa kanisa aliye fundi amtumikie Bwana kwa kuingia chini ya magari ya maskini bila malipo.

Na wewe baba, usingoje mwezi wa tisa, maana mwenye haraka hununua chochote. Chukua fundi wako mwenyewe, si wa dalali, mlipe jasho lake hata kama atakuambia usinunue. Nenda na bibi yako, aketi nyuma, apande na kushuka na tumbo lake, aseme anavyoona. Akisema hapana, rudisha pesa mfukoni.

Nenda kesho asubuhi.