Mwamba Ni Mali ya Nani?

Mtu akisimama pwani ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, asubuhi ya siku ya mapumziko wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu, aweza kuona vyombo vya namna mbili vikielekea kisiwa cha Mbudya. Kimoja ni mashua ya injini, imepakia wageni na mitungi yao ya hewa, nao waenda kuzama na kutazama matumbawe. Kingine ni ngalawa ya mvuvi. Mashua yaruhusiwa kuukaribia mwamba, maana abiria wake wamelipa kiingilio. Ngalawa ikitaka kutega dema palepale itafukuzwa. Ndivyo ilivyo sheria: maji ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na kuvua humo ni marufuku.

Wavuvi wananung'unika, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba hawana sababu. Mgeni aja kwa starehe; mvuvi aja kwa chakula cha watoto wake. Je, ni haki starehe ipewe njia na njaa izuiwe? Swali hili ni la dhamiri, na kila akaaye pwani hii, toka Msasani hata Bagamoyo na Saadani, lamhusu.

Jibu tulisikialo mara nyingi ni kwamba mzamiaji hachukui kitu; hutazama tu, kisha huenda zake. Jibu hilo ni jepesi mno. Matumbawe hufanana na mawe, lakini ni kazi ya viumbe hai, vidogo sana, vijengavyo nyumba zao za chokaa juu ya nyumba za waliokufa kabla yao, na zile aina za mviringo zilizo kama jabali hukua kadiri ya sentimeta moja tu kwa mwaka. Teke moja la mzamiaji asiyeangalia, au nanga iliyotupwa ovyo, huvunja kazi ya miaka mingi. Nahodha mwenye adabu hufunga chombo chake kwenye boya. Kutazama nako kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mwamba.

Hata hivyo uzamiaji una fundisho moja ambalo twapenda wasomaji wetu walifikiri. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza chombo kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kwa kadiri avutavyo pumzi. Kwa chombo hicho mtu aliweza kutembea chini ya bahari bila bomba la kumfunga na mashua iliyo juu. Lakini hakupewa bahari iwe yake. Akifika mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa yake huisha upesi mara mbili. Akifika mita 20 huwa mara tatu. Akipanda kwa haraka, au akizuia pumzi njiani, aweza kufa. Basi mzamiaji hubeba mpaka wake mgongoni. Awe tajiri, awe bwana mkubwa, mtungi ukikaribia kwisha hana budi kupanda, wala hahitajiki askari wa kumwambia kwamba imetosha.

Mvuvi hana mtungi wa namna hiyo. Mpaka wake sharti uwekwe na watu, kwa shauri na kwa sheria, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Zamani vyombo vyenyewe viliweka mpaka. Dema humchukua samaki aliyeingia, na mwamba hubaki mzima. Wachokoa pweza huenda mwambani wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali. Maji yakiwa mafu hukaa nyumbani, na pweza hupata nafasi. Hatusemi kwamba wazee walikuwa malaika. Nyumba za mawe za Bagamoyo na magofu ya Kaole ni mwamba uliochimbwa: mawe yake ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa.

Kisha ikaja baruti. Kuvua kwa baruti kumekatazwa tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, lakini mwaka 2015 watafiti waliosafiri pwani yote ya Tanzania, wakiburuta majini chombo cha kusikilizia sauti, walinasa milipuko 318 katika siku 31, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilometa 80 za Dar es Salaam. Msako mkali uliofuata uliipunguza sana. Mwenye baruti huua mkubwa na mchanga pamoja, na wengi huzama asiwapate. Matumbawe hugeuka kifusi chenye kuyumbayumba, nayo matumbawe mapya hayawezi kushika juu yake. Huyo hamwibii mgeni mwenye mtungi. Amwibia mvuvi mwenzake, na mtoto wa mvuvi mwenzake ambaye hajazaliwa. Uchungu wa mwenye dema ni kwamba mpaka wa hifadhi hauwapambanui: wote wawili huambiwa ondokeni.

Tena wako wengine wenye mkono katika mwamba ambao hawafukuzwi na mtu. Mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru, humwaga tope baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo, na matumbawe hayapendi tope. Akataye miti mlimani adhuru mwamba ambao pengine hajapata kuuona. Na mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, bila kosa la mvuvi wala la mzamiaji.

Pamoja na hayo yote, sisi twasema hifadhi ni ya haki. Mahali pasipovuliwa samaki hukua na kutaga, na baadhi yao hutoka nje ya mpaka wakaingia katika madema ya jirani. Mwamba huvunja mawimbi pia, na watu wa Kunduchi, ambao pwani yao imeliwa na bahari hata majengo yakabomoka, hawahitaji kuelezwa maana yake. Lakini mtu akiambiwa aache riziki yake kwa faida ya wote, basi wote wana deni kwake. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 yenyewe yataka wenyeji washirikishwe katika mipango, wapate fungu lao la faida, na wafikiriwe kwanza katika matumizi. Hayo ni maneno ya sheria. Asiyatoe mtu kana kwamba ni sadaka.

Kwa hiyo hesabu ya viingilio na isomwe mbele ya wavuvi, senti kwa senti, nao waulize watakayo. Kijana wa Kunduchi abebaye mitungi ya wageni hadi mashuani apewe naye miwani ya maji, azame, auone mwamba ambao babu yake aliulisha jamaa kwao. Na mkutano huo wa hesabu uitishwe wakati wa maji mafu. Siku ya bamvua wachokoa pweza hawatakuwapo.