Msiyavuruge Maji ya Wenzenu

Somo: Ezekieli 34:17–22



Nabii Ezekieli aianza sura hii ya 34 kwa kuwakemea wachungaji wa Israeli, yaani wafalme na wakubwa, kwa kuwa walijilisha wenyewe wakaliacha kundi. Watu wengi huipenda sehemu hiyo, maana ni tamu kusikia wakubwa wakikemewa. Lakini tusifunge kitabu hapo. Tangu mstari wa 17 Bwana alielekea kundi lenyewe, atangaza kwamba atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Kosa lao ni nini? Wenye nguvu walitangulia kufika majini, wakanywa maji safi hata wakashiba, kisha wakayavuruga yaliyosalia kwa miguu yao. Nao wadhaifu waliokuja nyuma ikawapasa kunywa tope. Hawakushika upanga, wala hawakuvunja nyumba ya mtu. Walikunywa, wakaenda zao. Walakini Mungu aliona, akawaita hukumuni.

Neno hili twataka kulipeleka leo mahali ambapo labda hamjasikia likihubiriwa, yaani kwenye mtaro wa maji ya mvua ulio mbele ya nyumba zetu mjini.

Kwanza tueleze kazi ya mtaro, maana wengi hawaijui. Mjini ziko njia mbili za maji. Ya kwanza ni mabomba ya maji machafu ya vyooni na bafuni. Maji hayo hupelekwa kwenye mabwawa, kama yale ya Vingunguti katika Dar es Salaam, yatulie na kusafika kabla ya kuachiliwa. Ya pili ni mitaro ya mvua. Hii haina bwawa la kusafishia mwishoni. Kila kiingiacho humo huenda kama kilivyo mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka baharini. Basi mtu amwagaye uchafu mtaroni hajauondoa uchafu huo, ameusafirisha tu.

Tuutwae mto Msimbazi uwe mfano. Mto huu waanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Wapita katikati ya Dar es Salaam, washuka bonde la Jangwani, kisha waingia Bahari ya Hindi penye mikoko iliyo karibu na daraja la Salander. Mitaro mingi ya mji humwaga maji yake humo. Chupa ya plastiki itupwayo huko juu haimsumbui aliyeitupa. Hushuka na mvua, hukutana na matambara, na maganda ya nazi, na mchanga wa ujenzi uliokokotwa na maji. Navyo vikishikana chini ya karavati huwa kama kizibo. Maji hufuata mkondo. Mkondo ukizibwa, huingia mlangoni mwa mtu. Na mtu huyo si yule wa juu, bali ni yule wa bondeni, ambaye mara nyingi alijenga huko kwa kuwa hakuwa na fedha za kiwanja cha mahali pengine.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko. Wengi waliokaa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza katika mji huohuo, kikaenea mikoa mingi. Hatusemi kwamba taka za mitaroni peke yake zilileta misiba hiyo. Mvua ile ilikuwa nyingi mno, tena nyumba nyingi zilisimama mahali pa maji. Na kipindupindu nacho kina njia zaidi ya moja. Lakini hili twalijua: mtaro ulioziba huongeza kimo cha maji, na maji yapitayo vyooni yakafika visimani huchukua ugonjwa. Hata siku zisizo za mvua, maji yaliyotuama mtaroni huzaa mbu, nao mbu wa maji machafu hueneza matende hapa pwani.

Sasa tuifungue Katekisimo. Luther atufundisha kwamba amri ya tano haiishii kwenye kisu na rungu. Yatutaka tusimdhuru jirani katika mwili wake, tena tumsaidie katika kila haja ya maisha yake. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu alimwamuru mwenye nyumba mpya ajenge ukuta mdogo kuizunguka dari yake, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba huyo hakumsukuma mtu. Ila aliijua hatari, akaiacha. Basi mtu ajuaye mtaro waelekea wapi, naye autupia taka, na ajiulize mbele za Mungu kama hajaigusa amri ya tano.

Liko tendo moja ambalo imetupasa kulitaja waziwazi, ijapokuwa ni aibu kuliandika. Mvua kubwa inyeshapo usiku, wako watu wayatoboao mashimo ya vyoo vyao ili maji yachukue yaliyomo. Huita jambo hilo kutapisha choo. Huchagua usiku, tena huchagua mvua, wasionekane. Asubuhi fedha za gari la kunyonya zimeokoka, na watoto wa jirani wa chini wakanyaga kinyesi wakienda shule. Ndugu, giza na mvua huficha mambo machoni pa mjumbe wa mtaa, lakini si machoni pa Mungu. Someni Kumbukumbu la Torati 23:12–14: Waisraeli waliagizwa wawe na chombo cha kuchimbia, wafukie uchafu wao nje ya marago, kwa sababu Bwana mwenyewe alitembea katikati ya marago yao. Yeye aliyetembea katika marago ya jangwani hajaviacha vichochoro vya Manzese na Tandale.

Wengine watajibu, “Gari la taka halifiki mtaani kwetu, na mtaro wenyewe ulijengwa vibaya.” Huenda ni kweli, na wenye mamlaka watatoa hesabu yao, Ezekieli amekwisha sema nao katika mistari ya kwanza. Lakini kosa la mchungaji halimpi kondoo ruhusa ya kuvuruga maji. Jirani wa bondeni hafi kwa kosa la mkubwa tu. Huumia pia kwa mfuko ulioutupa wewe.

Wengine husema, “Mafuriko ni mapenzi ya Mungu.” Mvua yatoka kwa Mungu, hilo twakiri, taka hazikutoka mbinguni. Tauni ilipoingia mji wa Wittenberg mwaka 1527, Luther hakuwakimbia wagonjwa. Lakini katika waraka alioutoa juu ya tauni aliwakemea pia wale waliodharau dawa na kujitia hatarini bure, wakidai kwamba Mungu akipenda atawalinda. Alisema kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Na amjaribuye Mungu kwa nyumba ya mwenzake amefanya vibaya zaidi.

Je, tukiisha kusema hayo, tumalize? Hapana. Sheria yatuonyesha uchafu wetu, lakini haiwezi kutuosha. Tumtazame Bwana wetu usiku ule katika Yohana 13, alipotwaa beseni akaosha miguu ya wanafunzi. Tope la njia walizozipita wao likabaki katika maji aliyoyashika yeye. Kisha kesho yake akapelekwa msalabani, akachukua juu yake uchafu ambao haukuwa wake. Tazameni tofauti hiyo! Mwanadamu huusukuma uchafu wake umfikie mwenzake. Kristo aliupokea wa wenzake ukaishia kwake. Katika maji ya Ubatizo ametuosha bure. Basi kushika beleshi hakumletei mtu wokovu, maana wokovu amekwisha kupewa. Mungu hana haja na matendo yetu mema. Mwenye haja nayo ni mama yule wa bondeni ainuaye godoro lake usiku wa mvua.

Kwa hiyo twawasihi mambo haya. Taka za nyumbani ziwekwe katika gunia lililofungwa, mahali pakavu, hata siku ya kuchukuliwa. Na pasipofika gari, majirani wachangie mwenye mkokoteni, azifikishe panapokusanywa taka. Mafundi wa gereji wasimwage oili chafu mtaroni, maana hutanda juu ya maji na kuwaua viumbe wa mtoni. Waikusanye katika madumu, wawape waikusanyao. Mama lishe wasimimine mafuta ya kukaangia wala mabaki ya chakula. Ajengaye asirundike mchanga na kokoto ukingoni mwa mtaro. Na mzibuapo mtaro, tope mlilolitoa lisiachwe kando, kwani mvua ya kwanza hulirudisha. Lichukuliwe siku ileile. Kazi hii ifanyike mwezi wa Februari, kabla ya masika, wala msingoje mpaka maji yamefika magotini.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa nchini Tanzania, nalo ni jambo jema. Lakini chupa zingali nyingi, na baada ya harusi zetu viwanja vya makanisa hujaa hizo. Petro asema katika waraka wake wa kwanza, 4:17, kwamba hukumu huanza katika nyumba ya Mungu. Wazee na waanze basi na mtaro upitao mbele ya kanisa.

Nanyi walimu wa kipaimara, mfikapo amri ya tano, watoeni watoto nje mkawaonyeshe mtaro. Waulizeni, “Maji haya yaenda kwa nani?” Msiwaache mpaka wamejua jina la mtaa ulio chini yao na watu wakaao huko. Mtoto akiisha kujua hayo, itamwia vigumu kutupa chupa.

Tuombe: Ee Bwana Mungu, uliyetupa mvua kwa wakati wake, utusamehe kwa ajili ya Kristo madhara tuliyowatendea wenzetu pasipo kuwatazama. Uwalinde wakaao mabondeni katika siku za masika. Uwape wenye mamlaka bidii na uaminifu, nasi utupe mioyo imkumbukayo jirani ambaye hatumwoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.