Karama na Mazoezi: Swali la Wachoraji wa Johannesburg

Swali la iwapo karama ya kuchora hukamilishwa na mazoezi au huharibiwa nayo ni la zamani katika falsafa ya sanaa, na mara nyingi hujadiliwa kana kwamba jibu lake halimdhuru wala kumnufaisha mtu yeyote. Mjini Johannesburg swali hilo lilibeba uzito wa sheria. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliwapangia watoto wa Kiafrika elimu duni kwa makusudi, na sheria nyingine ya mwaka 1959 ikawafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya Wazungu, kikiwemo cha Witwatersrand, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Katika mazingira hayo, aliyesema kwamba Mwafrika ana kipaji cha asili kisichohitaji kufundishwa alitoa kauli iliyosikika kama sifa, lakini ambayo kwa matokeo yake ilikubaliana na sheria iliyomnyima Mwafrika mafunzo hayo hayo.

Haifai kudhani kwamba kila aliyeshikilia kauli hiyo alikuwa na nia mbaya. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, aliona kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asilazimishwe kufuata vielelezo vya Ulaya, na hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini hofu ya kumharibu mwanafunzi, ikikosa mipaka, humnyima haki ambayo mwalimu mwenyewe aliipata. Katika mfano wa talanta uliomo katika Injili ya Mathayo, mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini hakulaumiwa kwa kuipoteza, kwa maana aliirudisha ikiwa kamili. Alilaumiwa kwa kutoifanyia kazi. Kwa kipimo hicho, anayehifadhi karama kwa kuizuia isifanyiwe kazi hawezi kusema kwamba ameiheshimu.

Wachoraji wenyewe walikwisha kulijibu swali kwa miguu yao. Kituo cha Polly Street, kilichofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1949 na kuongozwa na Cecil Skotnes kuanzia mwaka 1952, kiliwapokea vijana kama Sydney Kumalo, Ephraim Ngatane, Louis Maqhubela, Ezrom Legae na Durant Sihlali, ambao walikwenda huko kutafuta vifaa, wenzao wa kuchora nao na mtu wa kuwasahihisha, na Kumalo baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake inaonyesha kwamba kujifunza kulimpokonya sauti yake.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuuliza zoezi la kuchora hufanya nini hasa ndani ya mtu. Zoezi linalofundisha jambo hili vizuri kuliko yote ni lile la kuchora ukingo bila kutazama karatasi, ambalo lilienezwa na mwalimu Mmarekani Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1941 baada ya yeye kufariki. Mchoraji hukaza macho yake kwenye ukingo wa kitu, yaani mahali ambapo umbo la kitu hicho linakoma na kingine kuanza, kisha huusogeza mkono polepole kwa mwendo ule ule wa jicho, bila kuinua kalamu na bila kuchungulia anachokichora. Mchoro unaotokea huwa umepotoka, nao kwa kawaida hutupwa. Faida iko kwingine: mchoraji hugundua kwamba kwa miaka mingi hakuwa akichora sikio alilokuwa akiliangalia, bali alama ya sikio aliyoibeba kichwani tangu utotoni. Kuna pia zoezi la kuchora uwazi, ambamo mtu haichori miguu ya kiti bali nafasi tupu zilizo kati ya miguu hiyo, na kwa kuwa nafasi hizo hazina jina, akili hukosa alama ya kuziwakilisha na hulazimika kuangalia. Mazoezi yote mawili yanafanya kazi moja, ambayo ni kuliahirisha jina ili kitu kipate kuonekana.

Katika Johannesburg ya enzi ya ubaguzi, kuahirisha jina hakukuwa jambo dogo. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya mwaka 1950 ilimtaka afisa wa serikali amwangalie mtu, na kwa sura yake pamoja na jinsi alivyochukuliwa na jamii, aandike neno moja ambalo lingeamua mtu huyo aishi wapi, asome wapi na amwoe nani. Huo ulikuwa mtazamo wa haraka uliogeuzwa kuwa hati. Mchoraji anayekaa mbele ya uso huo huo nusu saa nzima, akifuata mstari wa taya na kivuli cha jicho, anafanya kinyume cha afisa yule, hata kama hana nia yoyote ya kisiasa. Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, katika insha aliyoiandika mwaka 1942, alitetea wazo kwamba juhudi ya mwanafunzi katika somo lolote, hata asipopata jibu sahihi, hukuza uwezo wa kumakinika, na kwamba umakini huo ndio kiini cha sala na cha kumpenda jirani. Mchoro uliopotoka wa Nicolaïdes ni ushahidi mzuri wa wazo hilo, kwa sababu zoezi hushindwa kwenye karatasi na kufaulu ndani ya mtu.

Pingamizi zito zaidi latoka Afrika Mashariki. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa msimamo wake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi, kwa kuwa Mungu huendelea kuumba kupitia kwa anayebuni. Je, mwanafunzi anayenakili mchoro wa bingwa ili ajifunze anatenda kosa hilo? Utamaduni wa hati nzuri katika Uislamu, uliozaa pia misahafu iliyonakiliwa Siyu katika kisiwa cha Pate, una jibu tofauti: humo mwanafunzi huirudia herufi ile ile ya mwalimu wake miaka mingi, katika zoezi liitwalo mashki, hadi apewe ijaza, yaani idhini ya kutia saini kazi yake mwenyewe. Misimamo hii miwili inaweza kupatanishwa ikiwa itatambuliwa kwamba Njau analaani kunakili kunakochukua nafasi ya kazi, ilhali mashki huisha pale kazi inapoanza.

Vifaa navyo vina mafundisho yake, na makaa ya kuchorea yanapita vyote. Dumile Feni, mchoraji wa Afrika Kusini aliyeondoka nchini mwake mwaka 1968 na kufia uhamishoni New York mwaka 1991, alichora kwa makaa juu ya karatasi duni ya magazeti kazi kubwa ya mwaka 1967 iitwayo African Guernica. William Kentridge, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1955, ambaye amemtaja Dumile miongoni mwa waliomwathiri, alianza mwaka 1989 mfululizo wa filamu zinazotokana na karatasi chache tu: huchora kwa makaa, hupiga picha, hufuta sehemu ndogo, huchora upya, kisha hupiga picha tena. Makaa hayafutiki kabisa, kwa hiyo kila kilichoondolewa hubaki kama ukungu wa kijivu nyuma ya kilichofuata. Mwaka 1996, wakati Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoanza kusikiliza mashahidi, tabia hiyo ya makaa ilieleza jambo ambalo wanateolojia hulisema kwa shida, kwamba kosa lililosamehewa ni kosa lililotendeka, na kwamba toba haihitaji karatasi nyeupe.

Kwa sababu hizo, mzazi au mwalimu anayetakiwa kuamua kama mtoto ana kipaji cha kuchora au hana ameulizwa swali mapema mno. Na ampe mtoto huyo kipande cha makaa na rundo la magazeti ya zamani, amwonyeshe namna ya kuuchora mkono wake wa kushoto bila kutazama karatasi, amwache arudie zoezi hilo kila siku kwa muhula mzima, wala asimpe mtoto huyo jina lolote kabla muhula haujaisha.