Mwema Asiyeshindana na Nafsi Yake

Mwaka 404 KK, Athens ikiwa imeshindwa vita na Sparta na kuangukia mikononi mwa watawala thelathini wakatili, mwanafalsafa Socrates aliitwa pamoja na raia wengine wanne. Waliamriwa wavuke hadi kisiwa cha Salamis wakamlete mtu aitwaye Leon, apate kuuawa. Wale wanne wakaenda. Socrates akarudi nyumbani kwake.

Plato ameliweka tukio hilo katika utetezi wa mwalimu wake mahakamani, na kinachonigusa ni jinsi lilivyo fupi. Hatusimuliwi usiku wa mashaka wala hesabu ya faida na hasara. Utawala ule ungedumu zaidi, huenda angelipa kwa roho yake.

Na wale wanne je? Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye uovu kwa kujua: anayekosea amekosa elimu. Mimi siwezi kuamini kwamba wanne wale hawakujua. Walitumwa wamlete mtu auawe, wakapanda chombo. Hawakupungukiwa na habari.

Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 KK na kusoma kwa Plato kwa miaka ipatayo 20, aliliona pengo hilo kati ya kujua na kutenda. Katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nicomachus anawapanga watu hivi: yupo mwovu, ambaye nafsi yake imeridhika na uovu, yupo dhaifu, anayejua lililo jema lakini matamanio yakamshinda, yupo anayejizuia, ambaye anatamani baya lakini analishinda, na juu yao wote yupo mwema, ambaye akili na moyo vinavuta upande mmoja.

Wengi wetu hugoma hapo. Tumezoea kumvika taji aliyepambana. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye kila akifunga sanduku anauzuia mkono wake, na hajagusa hata shilingi, hastahili sifa kuliko mwenzake ambaye wazo la kuiba halimjii kabisa? Aristotle anasema hapana, nami namuunga mkono. Tumpe pole na pongezi kwa vita vyake, lakini kuaminiwa ni jambo jingine. Fikiria siku mwanawe amelazwa, dawa ni ghali, na funguo anazo yeye. Ungependa ada ya mtoto wako iwe kwa nani siku hiyo?

Utulivu wa mwema hauzaliwi naye. Aristotle anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, tena na tena, hadi tendo lituletee furaha. Na furaha hiyo ndiyo dalili kwamba tabia imekomaa. Anayejinyima huku ananung'unika bado yumo njiani.

Lakini rudia ile safu uone jambo linalotisha. Wasio na vita ndani yao ni wawili, mwema na mwovu. Wote wawili hulala usingizi mzuri. Basi moyo mtulivu hauthibitishi kitu, kwa sababu mazoea yanaweza kumtuliza mtu hata katika dhuluma. Aristotle alilijua hilo, ndiyo maana alidai fadhila iongozwe na busara, yaani akili inayopima nini kifanywe, kwa nani, lini na kwa kiasi gani.

Na bado busara hiyo ilimpita yeye mwenyewe mahali pakubwa. Aliishi Athens, mji ambao watumwa walifanya kazi mashambani, majumbani na katika migodi ya fedha, na katika kitabu cha kwanza cha Siasa akaandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile. Aliiandika kama hoja ya kawaida, ingawa mwenyewe anakiri walikuwapo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na ni dhuluma. Alizisikia sauti hizo, akazijibu, akaendelea. Wosia wake, kama ulivyohifadhiwa na mwandishi wa kale Diogenes Laertius, unaagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru. Kwa nini baadhi tu?

Sisemi hili ili tumtupe. Safu yake ya watu wanne bado ni kipimo kikali kuliko vingi vilivyokuja baadaye. Ila ukimsoma, usikisome kitabu cha saba cha Maadili peke yake. Kisome pamoja na kile cha kwanza cha Siasa, na ukimaliza ujiulize ni jambo gani unalolitenda kila siku bila moyo wako kusita hata kidogo.